Nusu Kilo ya Shaba

Jirani, sogea kidogo nikuulize, wewe uliyesoma. Mtu anakaa Kolwezi. Chini ya kitanda chake kuna shaba. Chini ya choo chake kuna kobalti. Malori yanapita mchana na usiku yamepakia mabamba ya shaba, yanaelekea Kasumbalesa, yavuke Zambia, yafike Dar es Salaam au Durban, na vumbi lote linashukia kwenye bukari yangu. Kongo siku hizi ni ya pili duniani kwa shaba, mbele yetu yuko Chile peke yake. Sawa. Sasa mtu huyo anaingia sokoni kuomba nusu kilo. Hakuomba tani. Hakuomba bamba. Nusu kilo tu ya shaba iliyovutwa ikawa waya mwembamba, ikapakwa vernisi. Anajibiwa: "Papa, haiko. Ungojee mzigo ya China."

Mtu huyo ni mimi. Na yangeishia hapo, leo ningekuwa na usingizi.

Nilichotaka ni kutengeneza bobini ya Tesla. Simaanishi lile gari ambalo wazungu wanalitaja kila wakija kupiga picha mashimo yetu. Namaanisha mwenye jina, Nikola Tesla, Mserbia aliyezaliwa 1856, akahamia Marekani, na mwaka 1891 akatengeneza bobini ya kuotesha umeme mpaka unaruka hewani wenyewe. Mwaka 1899 akaenda Colorado Springs, akajenga kubwa zaidi, akatoa radi ndani ya nyumba. Inasimuliwa kwamba aliunguza jenereta ya umeme wa mji, na ikambidi aitengeneze yeye mwenyewe. Hilo la jenereta liweke akilini, tutalirudia, kwa uchungu.

Utauliza, radi ya kazi gani, wakati kwetu Mungu anazigawa bure toka Novemba mpaka Aprili? Swali zuri. Bibi yangu aliuliza hilo hilo. Kongo na radi tumezoeana. Kijiji cha Kifuka, kule milima ya Kivu, kilikuwa kinatajwa kuwa cha kwanza duniani kwa kupigwa na radi, hadi 2016 wataalamu walipohesabu upya kwa setilaiti wakalipa cheo ziwa Maracaibo la Venezuela. Unaona? Hata radi wamekuja wakapima wenyewe, wakatoa bei wenyewe. Basi nikasema na mimi nitengeneze yangu, ndogo, ya nyumbani, isiyohitaji setilaiti.

Bobini hizi ziko aina mbalimbali. Ile ya zamani ni ya cheche: kondensata inajaa, cheche inaruka kati ya vyuma viwili, pa! pa! pa! Na sisi wa Kolwezi tangu vita ya Mei 1978 hatupendi mlio wa namna hiyo usiku. Usidhani ni mambo ya ugenini. Kabla ya vita ya 1914 Wabelgiji walikwisha kusimamisha nguzo za TSF, telegrafu isiyo na waya, kutoka Boma mpaka Elisabethville, na mashine zao za kutuma habari zilikuwa za cheche, ndugu wa damu wa bobini ya Tesla. Halafu iko ya kisasa, ya transista. Transista zinakufa. Hazilii, hazinuki, unasikia "tik", umepoteza dola. Ya katikati ndiyo yangu, ya lampu za redio. Lampu inavumilia. Ukiionea inaiva nyekundu, lakini inakungojea uzime. Nikasema hiyo ndiyo ya mtu wa aina yangu.

Lampu niliitafuta kwa watu wa mitraye, wale wanaouza vyuma vya kale kwa kilo. Kwanza nikauziwa redio ya duara, ya buluu, yule kijana akiapa kwamba ndani kuna lampu za nguvu. Ilikuwa ile redio ya sufuria iliyotokea Rodeshia ya Kaskazini mwaka 1949, Harry Franklin wa redio ya Lusaka alipowaomba Ever Ready watengeneze redio ya betri ambayo mtu wa kawaida ataweza kuinunua, pauni 5. Nikaifungua usiku kwa mate mdomoni. Lampu nne. Kila moja haizidi kidole. Lampu za kunong'ona, zilizozaliwa kwa ajili ya betri! Mimi nataka ya kupiga kelele, nauziwa za kunong'ona. Nikairudisha. Kijana akasema ameshaifunga hesabu ya wiki.

Mwishowe nikaonyeshwa tumbo la phonie. Wewe mdogo huzijui phonie. Kabla ya simu hizi, mapadri, wenye ndege na wenye malori walizungumza kwa redio zile, na ukitaka kumwambia ndugu yako wa Kinshasa kwamba mama amefariki, unapanga foleni, unapiga kelele mbele ya watu wote, unajibiwa "kwako, nimemaliza", na mtaa mzima unajua msiba kabla ya ndugu yako. Ndani ya tumbo lile kulikuwa na lampu yenyewe. Mama yangu! Kioo kinene, kofia ya chuma juu, imeandikwa Philips QB2/250. Wamarekani wanaiita 813. Nikajifanya siitaki. Nikaangalia pembeni. Nikauliza bei ya kopo. Muuzaji akacheka tu, alikwisha kuona mikono yangu inatetemeka.

Nikatoa dola. Akaiinua juani. Akaipindua. Akapitisha ukucha pembeni, akakuta mpasuko ambao hata sisimizi asingeuona. "Papa, hii haipite." Lampu ina vumbi la enzi za Mobutu, ina kutu miguuni, haijulikani kama itawaka, lakini mgonjwa ni dola yangu. Nikaenda kwa wabadilisha fedha, wakanikata. Nikarudi. Bei ikawa imepanda.

Kwenye kartye yetu yuko mzee mmoja aliyekula chumvi nyingi kwenye matengenezo ya phonie. Nikampelekea. Akaivaa miwani, akaigeuza lampu polepole, akaniuliza: "Filamenti yake inakula nini?" Nikasema, "Mzee, itakula tutakachokula na sisi." Alininyamazia muda mrefu sana. Halafu akanielekeza kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtoto wa shule ya chekechea. Filamenti inakula volti 10 na ampea 5. Hizo ni wati 50 za kujipasha moto tu, kabla haijaanza kazi yoyote. Nina shemeji wa namna hiyo.

Ndani ya kioo hamna hewa, akasema. Filamenti ikipata moto inatoa elektroni. Elektroni zinakimbilia bamba lililo na umeme chanya. Njiani kuna wavu. Wavu ukipewa hasi, zinazuiwa. Ukiachiwa, zinapita kwa fujo. Basi unazungusha bobini ya kwanza, mizunguko michache ya waya mnene, unaifunga na kondensata yake. Pembeni unaweka bobini ndogo ya kurudisha habari kwenye wavu, ili wavu ujue lini ufungue na lini ufunge, mara laki kadhaa kwa sekunde. Katikati unasimamisha bobini ndefu ya waya mwembamba. Hiyo ndefu nayo ina mwendo wake. Miendo ikilingana, umeme unapanda, unapanda, mpaka hewa ya juu inashindwa kuuzuia. "Umeelewa?" "Eyo, Mzee." "Nirudilie." Nikamwambia nina mgonjwa nyumbani.

Umeme mkubwa wa kulisha bamba tulitoa kwenye tanuri ya mikrowevu iliyokufa. Transfoma yake inatoa kama volti 2000, na nguvu ya kukufikisha makaburini bila kuulizwa kadi ya uchaguzi. Mzee hapo hakuwa na mchezo. Sheria yake: ukisogea karibu, mkono mmoja mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani toka mkono hadi mkono. Ukizima, usiguse, kondensata bado imeshiba, ipige kwanza kwa waya wa ardhini uliofungwa kwenye fimbo kavu. Nikaweka mkono mfukoni. Mfuko umetoboka. Mkono ukatokea kwenye paja. Mzee akaangalia pembeni akasema basi nishike mkanda. Mkanda sikuwa nao.

Sasa tuje kwenye nusu kilo. Hesabu yake ni fupi: bomba la PVC la sentimita 10, waya wa nusu milimita pungufu kidogo, mizunguko 1,000. Hiyo ni zaidi ya mita 300 za waya, na ukiziweka zote kwenye mizani hazifiki nusu kilo. Nikaenda kwa wanaobobina mota. Wana mota za pampu zilizoungua mpaka mlangoni. Nikaomba waya wa ndani. Vernisi imekwisha kuungua, inabanduka ukiipuliza, na waya bila vernisi ni mzunguko mmoja tu mnene wa upuuzi. Mpya je? Mpya iko, roli moja, ameificha chini ya meza. Akataja bei. Ilikuwa mara kadhaa ya bei ya shaba inayotangazwa London. Nikapandisha sauti: "Lakini hii shaba imetoka kwetu!" Akajibu bila kuinua kichwa: "Eyo Papa, ilitoka, ikaenda, ikarudia. Sasa unalipa transporti ya kwenda na ya kurudia." Ungejibu nini, jirani? Mimi nililipa.

Kuzungusha waya kunataka ukimya, na mimi nakaa Manika. Unahesabu, mia mbili kumi na... "Jambo Papa!" Jambo sana. "Na nyumbani?" Nyumbani tuko. "Na batoto?" Batoto beko. "Na ile mguu ya mama?" Hesabu imekwenda. Na huwezi kutosalimia, utaitwa mwenye kiburi, na siku ya msiba wako watakuja watu watatu. Waya ukilegea, mizunguko inapandana, unafungua, unaanza. Bibi yangu alipita, akaangalia bomba, akasema bomba lile lilinunuliwa kwa ajili ya bafu. Halafu akatafuta sufuria ya bukari, ile ya alumini. Haikuonekana. Ilikuwa juu ya bobini, kwa sababu bobini inahitaji kichwa.

Halafu likaja shimo.

Bobini ya Tesla inataka ardhi. Mguu wake wa chini lazima uingie kwenye udongo, siyo kwenye waya wa nyumba, la sivyo umeme wake unatembelea televisheni za watu. Mzee akasema nichimbe, nizike chuma kirefu, nimwagie maji ya chumvi. Nikachimba jioni, jua likiwa limepoa. Watu walipopita sikueleza, maana ukieleza utasalimiwa tena.

Ndugu yangu, Kolwezi huchimbi shimo hivi hivi. Mwaka 2014 kule Kasulo mtu alichimba nyumbani kwake akakutana na heterojeniti, yale mawe ya kobalti, na muda si mrefu kartye nzima ikageuka mashimo: watu sebuleni, watu chumbani, kitanda kimesogezwa, mtu anazama na kamba. Tangu hapo jembe likigonga jiwe, masikio yanasimama mpaka Dilala. Asubuhi nilikuta mtu ameketi kwenye ukingo wa shimo langu, miguu imening'inia ndani. "Papa, ile shimo ni ya nini?" Ni ya ardhi. "Ya ardhi gani?" Ardhi ya umeme. Akacheka kwa heshima, akasema yeye siyo mtoto. Mchana akaja mwingine na metorex yake mkononi, kile kifaa cha kupimia madini, akaielekeza kwenye udongo wangu, akasoma, akasikitika. Kobalti hakuna. Akanidai pesa ya kupima.

Na hata kwa udongo nimeaibika! Kartye nzima ina madini, mimi peke yangu nimejengewa juu ya mchanga. Mwenye nyumba alisikia, akaja kuangalia, na mpaka leo ananisalimia kwa huruma.

Tukabaki kungoja umeme. Hapa ndipo roho inauma. Laini ya Inga ilikamilika 1982. Kilomita 1,700, kutoka kwenye maporomoko ya mto Kongo kule chini kabisa mpaka stesheni ya Kolwezi, volti 500,000, inakuja kwa mkondo wa moja kwa moja na kugeuzwa hapa hapa kwetu. Njiani inapita juu ya vijiji vinavyolala na koroboi. Ilijengwa kwa ajili ya migodi, na migodi inajua kula. Volti nusu milioni zinaingia mjini kwangu, na mimi naomba 220. Zikija, zinakuja 150, zimechoka. Filamenti inapata rangi ya ugonjwa. Stabilizateri inapiga "tak-tak-tak", inazima, inataka kupumzika.

Usiku mmoja zikaja zote. Mzee akaitwa, akaja na pajama ndani ya koti. Mkono mfukoni, wake mzima. Mimi nimeshika kiuno cha suruali. Filamenti ikawaka, nyeupe, nzuri, chumba kizima kikaonekana na uchafu wake. Nikawasha umeme wa bamba. Kimya. Bamba likaanza kuiva nyekundu. Kimya. "Zima!" Nikazima. Mzee akainama, akabadilisha waya mbili za ile bobini ndogo ya kurudisha habari, ya kushoto ikaenda kulia. Nilikuwa nimezifunga kinyume, kila wavu ulipotakiwa kufungua ulikuwa unafunga. Waya mbili, zote nyekundu, mtu atajuaje?

Nikawasha tena. Juu ya sufuria ya bukari ukasimama upanga wa zambarau, urefu wa kiganja na kidogo, umenyooka, unanguruma kwa sauti nene. Siyo zile cheche za kupasuka. Huu unasimama. Mzee akachukua neoni mbovu ya mita moja, akaisogeza bila waya wowote, ikawaka mkononi mwake. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nikasogeza kidole nijue kama ni moto. Ni moto. Umeme wa mwendo ule haukutikisi, unakuunguza kwa ndani polepole, na unapotambua, ngozi imekwisha kuiva. Mzee alikwisha kunikataza. Alikataza kwa Kifaransa.

Mtaa mzima redio zikakoroma katikati ya mechi ya Mazembe. Madirisha yakafunguliwa. Wakaona zambarau. Wakaona mzee wa pajama ameshika neoni inayowaka, na mimi nalamba kidole.

Kesho yake hakuna aliyeuliza habari ya kobalti tena. Sasa nilikuwa muuza radi. Kwetu watu wanaamini radi inatumwa. Mtu akipigwa, ndugu hawaulizi mawingu, wanauliza nani amelipa. Mchungaji wa kanisa la uamsho akaja kuombea ua wangu kwa spika. Usiku akaja mteja, mtu mzima, shati safi, kuku kwapani. Akaongea chini chini. Ana shemeji yake huko Likasi. Hataki kumwua, anataka tu amwogope. Bei? Nikamweleza lampu, wavu, filamenti. Akasikiliza yote kwa adabu, akauliza: "Na mpaka Likasi inafika?" Nikamwambia inafika kiganja. Akaondoka na kuku wake. Bibi yangu alikuwa dirishani, amesikia kila neno, na kuku amemwona.

Wiki ile ile mvua ya kweli ikapiga. Radi ya Mungu, ya bure, ikashuka kwenye kabini ya transfoma ya kartye, kabini ikalipuka, giza. Bobini yangu ilikuwa imezimwa, waya zimetolewa, sufuria iko jikoni. Niliwaambia. Mzee alishuhudia. Kikao kikakaa chini ya mwembe, kila nyumba ikapangiwa mchango wa kabini kama kawaida, halafu wakafika kwangu, wakanipangia wa nyumba kumi. Nikakumbuka Colorado Springs. Yule angalau aliiunguza.

Kwa hiyo, jirani, nauza. Lampu moja ya Philips, nzima. Transfoma moja, ya hatari, naitoa kwa mtu mwenye mifuko mizima tu. Bobini ya mizunguko 1,000 au karibu na hapo, kutegemea nani alikuwa anapita. Sufuria haimo. Njoo mchana, usinong'one, dola isiwe na mpasuko. Na kama uko na shemeji Likasi, kamata basi uende umwone.